Mbwa akihara damu, tusimtibu kwa kubahatisha

Mimi ni daktari wa watu, wala si wa mifugo. Hata hivyo, ni nadra mwezi kupita kabla ya mtu kubisha katika kliniki yangu hapa Meru akiniomba dawa ya mbwa. Mambo yalikuwa yayo hayo nilipokuwa nikifanya kazi Embu, kabla sijahamia huku.

Mara nyingi mtu huyo huja jioni, maduka ya dawa za mifugo yakiwa yamefungwa. Hunieleza kwa haya kidogo kwamba kilebu wake, yaani mtoto wa mbwa, hajala kwa siku mbili. Anatapika povu, amelala pembeni mwa kibanda, na anahara damu yenye harufu isiyovumilika. Kisha husema: "Daktari, nipe tu zile dawa za tumbo unazowapa watoto."

Sijawahi kumcheka mtu kama huyo. Katika sehemu hizi zetu, kutoka Maua na Kianjai hadi Nkubu, kisha Chuka, Runyenjes na Embu mjini, mbwa si pambo. Ndiye askari wa usiku katika shamba la miraa. Ndiye anayebweka mtu anapolikaribia ghala la kahawa au zizi la ng'ombe wa maziwa. Ajuza anayeishi na wajukuu wake pekee hana mlinzi mwingine. Mbwa huyo akifa, boma hubaki wazi.

Ninalotaka kusema leo ni moja. Mbwa anayehara damu asitibiwe kwa kubahatisha. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mwenye mbwa aombe damu ya mnyama huyo ipimwe, hasa idadi ya chembe nyeupe. Tena ipimwe mara mbili: siku ya kwanza, na siku inayofuata.

Nina sababu za kusema hivyo. Mojawapo ni ya aibu, na heri nianze nayo.

Nilivyompoteza Simba

Miaka kadhaa iliyopita niliwanunulia watoto wangu kilebu wa miezi mitatu. Walimwita Simba. Aliyetuuzia alisema amechanjwa, na kweli alikuwa amechanjwa mara moja. Sikuuliza zaidi.

Jumamosi moja Simba alikataa maziwa. Nikamfungua mdomo nikampa dawa ya minyoo. Alipotapika, nikampa nusu ya kidonge cha kuua bakteria kutoka katika mkoba wangu. Akakitapika pia. Jumapili alianza kuhara damu. Nilimpa maji yenye chumvi na sukari kwa bomba la sindano, tone kwa tone, nayo hayakukaa tumboni. Jumatatu alfajiri tulimkuta amekufa.

Saa tatu asubuhi hiyo hiyo nilikuwa kazini. Mama mmoja aliniletea mtoto mwenye homa aliyekuwa akihara tangu juzi yake. Bila kufikiri mara mbili, niliandika fomu ya kupima damu yote: chembe nyekundu, chembe nyeupe na zile za kugandisha damu. Kalamu ikiwa bado mkononi, nilikumbuka kwamba kwa siku mbili nzima sikuwa nimewaza hata mara moja kufanya hivyo kwa mnyama aliyekuwa akifa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimebahatisha, jambo ambalo ningemkemea vikali mwanafunzi wangu kwa kulifanya wodini.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu ugonjwa huo na kuwauliza wenzangu wa mifugo. Haya ndiyo niliyojifunza.

Virusi vinavyopenda chembe changa

Sababu kubwa ya vilebu kuhara damu na kufa ni virusi vya parvo. Ugonjwa huu ni mgeni duniani. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi ulikuwa umeenea karibu kila pembe ya dunia. Virusi hivi ni jamaa wa karibu sana wa virusi vingine vya paka. Ugonjwa ule wa paka ulipewa jina la kitaalamu ambalo maana yake hasa ni upungufu wa chembe zote nyeupe. Jina hilo lina funzo, kama tutakavyoona.

Virusi vya parvo haviwezi kuzaana ndani ya chembe iliyotulia. Vinahitaji chembe inayojigawa. Basi vikishaingia kwa mdomo, kutoka katika uchafu ulioganda kwenye udongo, viatu au sahani, huenda moja kwa moja palipo na chembe changa zinazozaliwa kwa wingi. Katika mwili wa kilebu, sehemu mbili zinaongoza kwa hilo: ngozi ya ndani ya utumbo, na uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa.

Hebu fikiria boma lenye ukuta na walinzi. Utumbo ndio ukuta. Ngozi yake ya ndani huchakaa na kufanywa upya kila baada ya siku chache, na virusi vinapoua chembe changa, ukuta haujengwi tena. Hubaki na matundu, damu ikavuja, na bakteria wanaoishi utumboni bila madhara wakapenya hadi kwenye mishipa ya damu.

Walinzi ndio chembe nyeupe, nao huzaliwa ndani ya uboho. Aina iliyo nyingi zaidi, ile inayokimbilia bakteria na kuwameza, hukaa katika damu kwa saa chache tu kabla ya kupenya mwilini kwenda kazini. Lazima iletwe mpya kila siku. Uboho ukishambuliwa, akiba huisha upesi. Chembe zilizobaki nazo hukimbilia utumboni na kuangamia huko.

Ndiyo sababu ugonjwa huu ni mkali hivi. Ukuta unaanguka usiku ule ule walinzi wanapokwisha. Wengi wa vilebu wanaokufa humalizwa na bakteria walioingia katika damu, pamoja na ukosefu wa maji mwilini.

Mbwa mzima huwa na chembe nyeupe zipatazo 6,000 hadi 17,000 katika mikrolita moja ya damu, ambayo ni chini ya tone. Mwenye parvo kali anaweza kuwa na chini ya 3,000, na wengine hushuka hata chini ya 1,000. Chembe nyekundu hazishuki kwa kasi hiyo, kwa sababu huishi zaidi ya miezi mitatu. Zikipungua, kwa kawaida ni kwa sababu ya damu inayovuja.

Magonjwa matatu, sura moja

Huenda ukauliza: ikiwa ni parvo, kwa nini nitumie pesa kupima? Jibu ni kwamba si kila damu inayotoka kwa mbwa ni ya parvo.

Kuna minyoo ya safura, ambayo kilebu huweza kuipata katika maziwa ya mama yake. Minyoo hii hunyonya damu utumboni, na kinyesi huwa cheusi au chenye damu. Hapa ukipima utaona kwamba zinazopungua ni chembe nyekundu. Ufizi wa kilebu huwa mweupe kama karatasi. Huyu anahitaji dawa ya minyoo haraka, na pengine kuongezewa damu.

Kuna pia ugonjwa wa erlikia, unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Viini vyake vilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka wa 1935. Katika miaka ya 1960 ugonjwa huo uliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Sisi tunao tangu zamani, na katika vitabu vya tiba ya wanyama moja ya majina yake ni ugonjwa wa kutokwa na damu wa Nairobi. Mbwa hutoka damu puani, huvia damu chini ya ngozi, na pengine kinyesi chake huwa na damu. Hapa kwa kawaida chembe za kugandisha damu ndizo hushuka kwanza, na ugonjwa ukikaa muda mrefu uboho wote huchoka. Una dawa yake, lakini si ile ya minyoo wala ile ya tumbo.

Basi kwa macho tu unaona mnyama mmoja: amelala, hali chakula, anatoka damu. Ndani ya damu kuna hadithi tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Anayeuza dawa dukani hawezi kuzitambua kwa maelezo yako. Mimi pia siwezi.

Kipimo cha pili

Wengi wetu tunajua kupima mara moja. Faida kubwa ya kuhesabu chembe nyeupe, hata hivyo, ni kuhesabu tena.

Mwaka wa 2008 wataalamu wa Onderstepoort, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vilebu 62 waliokuwa na parvo. Waliwapima damu walipolazwa na kila siku baada ya hapo. Vilebu 51 walipona na 11 wakafa. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilianza kuonekana baada ya saa 24 za matibabu. Kwa waliopona, chembe nyeupe zilianza kupanda. Kwa waliokufa, zilibaki chini.

Zingatia mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba walipona wengi. Parvo si hukumu ya kifo ikiwa mnyama atapata maji ya mishipani, dawa za kuzuia kutapika, dawa za kuua bakteria na uangalizi wa karibu. Asipotibiwa, wengi hufa.

La pili linahusu mfuko wako. Ninajua mkulima anayeuza majani chai au kahawa hana pesa za kumwekea mbwa dripu kwa siku saba bila kujua aendako. Hesabu ya siku ya pili humsaidia kuamua. Ikiwa chembe zinapanda, avumilie, mbwa wake anarudi. Ikiwa zimebaki chini kabisa na mnyama anazidi kudhoofika, akae na daktari wazungumze kwa ukweli, pamoja na suala la kumpunguzia mnyama mateso. Bila hesabu hiyo, wengine huacha matibabu siku moja kabla ya nafuu, na wengine huuza mbuzi kumtibu mbwa ambaye tayari amekwenda.

Ni muhimu ieleweke kwamba nambari moja peke yake haimhukumu mnyama. Mwenye chembe 900 leo anaweza kuwa na 4,000 keshokutwa. Daktari wa mifugo ndiye wa kuisoma pamoja na hali ya mbwa mwenyewe.

Si mashine ya mamilioni

Watu huniambia kwamba mambo haya ni ya matajiri wa Nairobi. Sikubaliani nao.

Damu inayohitajika ni mililita moja au mbili, katika kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau ambacho kila muuguzi anakijua. Kuna mashine za kuhesabu, ndiyo, lakini kabla ya mashine tulihesabu kwa macho. Damu huchanganywa na maji yenye asidi ya siki na rangi kidogo, chembe nyekundu zikapasuka, nyeupe zikabaki. Huwekwa juu ya kioo chenye mistari, zikahesabiwa kwa hadubini. Tone jingine hupakwa juu ya slaidi na kutiwa rangi, sawasawa na tunavyofanya tunapotafuta malaria. Fundi wa maabara aliyefunzwa humaliza kazi hiyo kabla chai yake haijapoa.

Tangu mwaka wa 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Rai yangu kwa kaunti za Meru na Embu ni kwamba kila ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo iwe na hadubini inayofanya kazi, kioo cha kuhesabia na mtu wa kuvitumia. Maabara kubwa za Karatina na Kabete zina kazi yake, lakini kilebu anayehara damu hana siku za kungoja sampuli isafiri na majibu yarudi. Isitoshe, hadubini hiyo hiyo itamfaa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kupe na mbuzi mwenye minyoo.

Usiyoyafanya nyumbani

Kama daktari wa watu, nina maonyo machache.

Usimpe mbwa dawa zako. Ibuprofen na diclofenac, ambazo watu humeza kwa maumivu ya mgongo, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Dawa za kufunga kuhara nazo huweza kufungia sumu ndani.

Usimfungue mdomo kwa mikono mitupu mbwa anayedondoka mate, anayeshindwa kumeza au aliyebadilika tabia. Huenda huo si ugonjwa wa tumbo bali ni kichaa cha mbwa. Mimi nilimfungua Simba mdomo bila kufikiri, na hilo lilikuwa kosa jingine. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha ukimbie hospitalini kwa chanjo siku hiyo hiyo.

Parvo ya mbwa haimwambukizi binadamu. Binadamu ana parvo yake, ambayo ni virusi tofauti. Lakini kinyesi cha mbwa hubeba minyoo inayoweza kuingia mwilini mwa mtoto anayecheza peku. Kwa hivyo kisafishwe kwa uangalifu, mikono ioshwe, na watoto wasikaribie.

Virusi vya parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka. Sabuni peke yake haiviui. Ondoa uchafu wote kwanza, kisha osha sakafu na vyombo kwa klorini ya maji ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji, na uiache kwa dakika 10. Usilete kilebu asiyekamilisha chanjo katika boma ambalo mwingine amefia majuzi.

Sindano moja haitoshi

Narudi kwa Simba. Alichanjwa, kwa nini akafa?

Kilebu huzaliwa na kinga anayopewa na mama yake, hasa kupitia maziwa ya kwanza. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo kufanya kazi. Huisha polepole, kwa wengine mapema na kwa wengine kuchelewa, na hakuna ajuaye kwa kutazama. Ndiyo maana chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16 au zaidi, kisha huongezwa nyingine kabla hajatimiza mwaka au anapoutimiza. Sindano ya kwanza peke yake ni kama kupanda mahindi na kuondoka kabla ya palizi.

Kwa kawaida sindano hizo humkinga pia na distempa, ugonjwa ambao mwaka wa 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walidhaniwa kuwa ndio chanzo. Sisi tunaopakana na Mbuga ya Taifa ya Meru tuna sababu zaidi ya kuwachanja mbwa wetu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kando, na huanza akiwa na miezi mitatu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kilebu mwenye parvo, ukuta huo ni wa utumbo wake mwenyewe, na kuujenga ni ghali.

Kwa hivyo, msomaji, ukibisha mlangoni kwangu jioni moja ukiomba dawa ya mbwa, nitakufungulia, lakini dawa sitakupa. Nitakuonyesha kwa daktari wa mifugo aliye karibu, na nitakupa maswali mawili ya kumwuliza. Leo muulize: chembe nyeupe za mbwa wangu ni ngapi? Kesho urudi umuulize: zimepanda?